Nyuma ya Kiti Kitupu

Ilianza Jumanne, wiki ya pili ya muhula wa kwanza nikiwa kidato cha pili, saa kumi na dakika kumi jioni. Saa naijua kwa sababu nilikuwa naitazama ukutani nikiiomba isonge. Mwalimu wa Kiswahili alikuwa amenituma kwenye chumba cha ushauri na karatasi iliyoandikwa: "Msichana huyu amekataa kusoma kwa sauti mara tatu." Sikuwa nimekataa. Nilisimama na kitabu mkononi, mdomo ukagoma kama mlango wa mbao uliovimba kwa mvua. Lakini karatasi ya mwalimu haina nafasi ya maelezo kama hayo.

Jina langu ni Nekesa. Nawaandikia nyinyi wa kidato cha pili mnaobaki, kwa sababu mimi nimestaafu. Chekeni tu. Baba, ambaye ni fundi wa vigae hapa Kitengela, alicheka mpaka akaweka kijiko chini. "Kustaafu? Na miaka kumi na saba?" Lakini mtu akifanya kazi moja miaka miwili na nusu, kila Jumanne na Alhamisi, halafu aondolewe, hiyo ni nini? Mambo ya vyeo nitayaruka. Niliwahi kuwa katibu, nikaandika mahudhurio mara mbili, nikapoteza kalamu, basi. Nataka kusema kazi yenyewe inafanywaje, na jinsi nilivyoiharibu siku moja, kwa sababu yanayosemwa bwaloni kuhusu kile chumba ni uongo, na nimechoka kuusikiliza nikiwa nimeinamia sahani.

Siku ile ya kwanza nilikuta wasichana kumi na wawili wameketi duara. Katikati palikuwa na viti viwili. Kimoja alikuwa amekikalia msichana wa kidato cha nne. Kile kingine, chenye mguu uliofungwa kwa waya, kilikuwa kitupu. Mwalimu wa ushauri, Madam Resiato, alisoma karatasi yangu, akaikunja, akaitia chini ya mguu wa meza iliyokuwa inacheza.

"Unaogopa kuongea?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Vizuri. Nahitaji mtu kama wewe. Simama nyuma ya huyu."

Yule msichana alikuwa anakiambia kiti kitupu, ambacho siku hiyo kilikuwa baba yake, "Niko sawa tu, Baba. Hakuna shida." Alisema hivyo mara mbili, na mara ya pili ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza.

"Nekesa," Madam akasema, "wewe sasa ni kivuli chake. Kivuli husema kile mwenyewe ameacha kooni. Ukikosea, atakurekebisha. Jaribu."

Nilijaribu kwa sauti ya mbu. "Siko sawa. Nimechoka kusema niko sawa."

Hakugeuka. Mabega yake tu ndiyo yalishuka. Halafu akakiambia kile kiti, "Ndiyo, Baba. Hivyo ndivyo."

Jioni hiyo niliandika kwenye daftari langu: Leo nimeongea. Maneno yalikuwa ya mtu mwingine lakini sauti ilikuwa yangu. Sijawahi kuandika kitu cha kweli zaidi ya hicho, na hapo nilikuwa sijui hata kwamba nimeajiriwa.

Kazi yenyewe inaitwa saikodrama. Madam hakupenda kuieleza kwa maneno marefu. Alizaliwa Magadi, kwenye nyumba za kampuni, baba yake akifanya kazi ya magadi yenyewe, na alikuwa akisema kule joto ni kali mpaka mtu hawezi kuficha kitu, chumvi inamtoka kwenye ngozi kila mtu anaiona. "Shida yako," alituambia, "ukiisimulia, unaisimulia vile ulivyozoea. Ukiifanya kwa miguu na mikono, inakuonyesha mahali hukuwa umeangalia." Basi. Unaweka jambo lako katikati ya chumba, unachagua wa kuwa mama yako, wa kuwa mwalimu, wa kuwa wewe, na mnalicheza. Kwenye mchezo wa kuigiza wa mashindano, mfalme ni mtazamaji. Kwetu mfalme ni mwenye kisa. Akisema "hapana, mama hakusimama hivyo", unasimama vile anavyotaka, hata kama unajiona una kipaji.

Mbinu ngumu kuliko zote ni kubadilishana viti. Umemlilia baba yako kwenye kiti, umemaliza, halafu unaambiwa: nenda ukae pale, uwe yeye, ujijibu. Hii mbinu ilinisaidia hata kwenye insha. Zamani majambazi wangu wote walikuwa na kovu shavuni na macho mekundu. Siku moja nikaweka kiti mbele ya kitanda changu, nikakaa kama jambazi, nikajiuliza, "Umekula nini leo asubuhi?" Jibu lilikuwa viazi vilivyobaki. Kutoka siku hiyo majambazi wangu wakawa watu, na mwalimu wa Kiswahili akaacha kuniandikia "fikiria zaidi".

Vifaa vyetu si vingi. Kile kiti cha waya. Leso nyekundu moja, ambayo imekuwa mtoto mchanga, barabara, mto na mara moja ng'ombe. Na karai la maji mlangoni. Karai msilidharau. Ukimaliza kuwa mama wa mtu au baba wa mtu, hutoki tu hivi hivi. Unatumbukiza mikono, unaikung'uta, unamwangalia mwenye kisa machoni, unasema, "Mimi si baba yako. Mimi ni fulani." Hilo tuliliita kuvua. Maji ya hapa mnayajua, ya kisima, yana chumvi mpaka chai inaharibika, lakini kwa kuvua yanatosha. Siku za kwanza niliona ni mchezo wa chekechea. Sasa sikilizeni.

Muhula huu alijiunga nasi Sein, wa kidato cha tatu, kutoka upande wa Kajiado. Nimemwomba ruhusa kuandika haya. Ameyasoma, ameniambia nisimfanye alie sana, kwa sababu hakulia sana. Kisa chake ni hiki. Shule ilipofungwa muhula uliopita alifika nyumbani, akaingia kwenye nyumba ya nyanya yake, akakuta kitanda hakipo. Nyanya alikuwa amezikwa wiki mbili nyuma. Sein alikuwa kwenye mtihani, basi watu wazima wakakubaliana asiambiwe. Si kwao tu. Hata sisi kwetu hufanya hivyo. Mtoto akiwa kwenye mtihani, msiba unafichwa kama kisu.

"Tumweke kwenye kiti?" Madam alimuuliza.

"Siwezi kutaja jina lake. Kwetu aliyeenda hatajwi hivyo tu."

"Usilitaje. Wewe ulikuwa unamwitaje?"

"Kokoo." Ni nyanya kwa Kimaasai.

"Nani atakuwa Kokoo?"

Sein alizunguka duara akitazama nyuso. "Nekesa. Kokoo pia alikuwa hasemi sana."

"Haya, mwaka huu bubu ana soko," mtu akasema, tukacheka wote, hata mimi.

Tukafanya kama kawaida. Kwanza Sein mwenyewe akakaa kwenye kiti cha waya, akawa nyanya yake, ili mimi nijue ananena vipi. Akakunja mgongo, akafinya jicho moja. "Umekula? Hiyo shule inawapa maziwa ama ni maji yenye rangi?" Kisha tukabadilishana. Nikavaa leso nyekundu begani, nikayasema yaleyale, neno kwa neno. Hii ndiyo sheria: husemi ambalo hujapewa. Sein akaja mbele yangu, akainamisha kichwa, maana kwao mtoto humsalimia mzee hivyo, na mzee humgusa utosini. Nikamgusa. Akainua uso, akauliza, "Kokoo, mbona hawakuniita?"

Na hapo hapo mlango ukagongwa. Madam anaitwa ofisini, mara moja. Kengele nayo ikalia. Pampu ya kisima ilikuwa imekufa tangu asubuhi na karai lilikuwa kavu.

Madam alisimama mlangoni. "Nekesa, vua. Hata mikono mikavu ni sawa. Swali lake tutalirudia Alhamisi." Akaenda.

Sikuvua.

Ningeweza kusema ni kengele, au maji. Niliandika hivyo kwenye daftari mara ya kwanza, nikafuta. Ukweli ni kwamba nilipenda. Shuleni hakuna mtu alikuwa akinisalimia mimi kwanza. Watu hunipita kama nguzo ya stima. Na hapa mtu ameinamisha kichwa mbele yangu, amengoja mkono wangu, ametulia chini yake. Nilitaka kukaa na hicho kitu mpaka jioni. Jioni tu.

Kesho yake kwenye foleni ya githeri, Sein alinikaribia na sahani yake, akainamisha kichwa. Mkono wangu ukaenda wenyewe. Wasichana wawili nyuma yetu wakaona.

"Aki umeona hiyo? Nekesa amekuwa nyanya!"

"Kokoo, nibariki na mimi nipite Kemia!"

Ilikuwa utani. Alhamisi hatukukutana kwa sababu Madam alikuwa bado anashughulika na mambo ya ofisini. Alhamisi hiyo hiyo Sein alinikuta bombani, akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Kokoo, ulikasirika sikuja?"

Jibu la hilo hakuwa amenipa. Nikasimama na ndoo, nikijua ni mimi nimemfungia mtu mlango kwa nje, na ufunguo ni mikono yangu miwili, na hata hapo bado niliona haya kuikung'uta mbele ya watu. Nikamwambia, "Twende darasani." Jibu la kijinga. Jioni hiyo hakula.

Utani ukakua. Jumamosi ilikuwa siku ya wageni, na mtu akamwambia mamake. Kufikia Jumatatu ilikuwa si utani tena: katika chumba cha ushauri wanaita wafu, Nekesa ameingiwa na roho ya bibi mmoja wa Kajiado, anaongea kwa sauti yake. Mimi! Mimi ambaye kuongea kwa sauti yangu mwenyewe kulihitaji karatasi ya mwalimu. Na ni roho gani ataacha kwao kwenye upepo mzuri aje kukaa kwenye chumba kinachonuka chaki, kwenye kiti cha waya?

Wiki hiyo pia kikundi hakikukutana. Ijumaa saa kumi niliitwa. Ofisini alikuwa naibu wa mwalimu mkuu, ambaye sote tunamwita Deputi, na Madam Resiato amekaa pembeni kama mwanafunzi. Sein alikuwa amesimama. Na kwenye kochi, na mkoba magotini, mama yake Sein, aliyetoka Kajiado asubuhi. Alikuwa amevaa shanga za kwenda kanisani.

"Takwenya, yieyo," nikamsalimia. Ni salamu ya mama, Sein alikuwa amenifundisha.

"Iko," akajibu, bila kunitazama sana.

Deputi hakungoja. "Nekesa, huyu mama ametoka mbali. Ameambiwa mmemwita marehemu wa watu hapa shuleni. Sema kila kitu mlichosema humo ndani."

"Sitasema, Madam."

Hata mimi nilishtuka. Lilitoka lote, bila kukwama.

"Umesema?"

"Nimesema sitasema. Kilichosemwa humo ni cha Sein. Akitaka, atasema yeye."

"Tunajua una daftari. Unaandika. Lilete."

"Hapana."

"Unajua naweza kukurudisha nyumbani sasa hivi?"

"Kwetu ni hapo nyuma ya kituo cha mafuta, Madam. Ni dakika ishirini kwa miguu. Nitaenda."

Madam Resiato aliangalia dirishani, na nadhani alikuwa anazuia kitu usoni. Mama Sein ndiye aliyenyanyua kichwa sasa, akanitazama vizuri. "Msichana," akasema polepole, "mimi si wa kukutisha. Nataka kujua jambo moja. Mtoto wangu anakuita Kokoo. Ni kweli?"

"Ni kweli, mama. Na ni makosa yangu. Si ya Madam Resiato, si ya kile chumba. Kuna kitu niliachiwa nimalize sikumaliza. Nipeni dakika moja."

Juu ya meza ya Deputi kulikuwa na glasi ya maji. Sikuomba ruhusa. Nilijimwagia kiganjani, juu ya zulia lake, nikakung'uta. Nikamgeukia Sein.

"Sein. Mimi si Kokoo wako. Sijawahi kumwona. Mimi ni Nekesa, Form Four. Baba yangu anapiga vigae. Mimi hata mbuzi siwezi kukamua, nitapigwa teke. Nyanya yako ni yeye, na ameenda, na mimi nilikaa kwenye nafasi yake siku zaidi kwa sababu nilipenda kusalimiwa. Nisamehe."

Sein aliniangalia. Akavuta pumzi kama mtu anayetoka chini ya maji.

"Mbuzi hapigi teke hivyo," akasema. "Wewe ni mwoga tu."

Halafu akamgeukia mama yake. Swali lililokatizwa na kengele lilikuwa bado liko palepale mdomoni. "Yieyo, mbona hamkuniita?"

Mama alifungua mkoba, akaufunga. "Nilikuja," akasema.

"Ulikuja wapi?"

"Hapa. Siku ile ile aliyotuacha. Wazee walikuwa wamesema usiambiwe, nikaondoka nyumbani kimyakimya. Nikafika mpaka getini. Nikakuona kupitia waya wa uzio, unakimbia na wenzako kwenda kwenye mtihani, unacheka. Askari akaniuliza, mama, shida ni gani? Nikamwambia nimekosea shule."

Glasi ilikuwa mkononi mwangu bado.

Sasa msidhani mambo yaliisha kwa nyimbo. Deputi alipangusa meza yake, na sauti yake ilikuwa imepoa kidogo, lakini uamuzi alikuwa ameuleta tayari. Chumba kifungwe mpaka bodi ikae. Kiti kile kiende stoo. Kidato cha nne wote waache vikundi, wasome. Ndivyo nilivyostaafu: Ijumaa, saa kumi na moja kasoro, bila keki.

Tukitoka, Madam Resiato aliniambia kwenye varanda, "Ulichelewa kuvua. Usije ukasahau hilo. Lakini umevua." Hiyo ndiyo barua yangu ya shukrani. Mama Sein alikuwa analala kwa dada yake hapa Kitengela, apitie kumuaga mtoto asubuhi kabla ya kurudi Kajiado. Sein alinishika mkono wa sweta. "Swali limejibiwa," akasema, "lakini ile siku bado iko vilevile. Yeye bado amesimama pale getini, na mimi bado nakimbia."

Nilijua anachoomba. Miaka miwili na nusu nimesimama nyuma ya watu, nilijua. Siku iliyokwenda vibaya unaweza kuirudia jinsi ilivyostahili kwenda. Haifuti kilichotokea. Inampa mtu mahali pa kuweka miguu yake. Madam alikuwa ametega sikio na akasikia yote. Akasema, "Mimi asubuhi hutembea upande wa geti. Kwa ajili ya afya."

Asubuhi iliyofuata, saa kumi na mbili na nusu, nilikwenda stoo. Mpishi alikuwa ametoa kuni na mlango ulikuwa wazi. Kiti cha waya kilikuwa juu ya magunia ya maharagwe. Nikakipangusa, nikakibeba kichwani kama watu wabebavyo meza sokoni, nikakata katikati ya uwanja wa gwaride, kwenye tope jeusi, shule nzima ikipanga mstari. Walianza, "Kokoo! Kokoo!" Nikaendelea kutembea.

"Nekesa!" Deputi alikuwa kwenye varanda. "Hicho kiti unakipeleka wapi?"

Nikasimama. Nikageuka, kiti kichwani.

"Kazini, Madam!"

Walisikia hadi jikoni. Sijui kwa nini hakunizuia. Labda alitaka kuona. Alishuka ngazi mbili, akakaa hapo hapo.

Getini nilikiweka kiti karibu na kibanda cha askari, kitupu, kwa Kokoo. Madam Resiato alikuwa amefika, kwa ajili ya afya. Mama Sein alisimama nje ya waya. Sein alirudi nyuma hatua ishirini, mahali pale pale alipokuwa akikimbia siku ile. Nilimwomba askari, Mzee Barasa, asiseme chochote kipya, aulize tu kile alichouliza.

"Nilimuuliza hivi," akasema, akavaa kofia yake. Akaja wayani. "Mama, shida ni gani?"

Mama Sein alishika waya kwa mikono miwili. "Nimekuja kumchukua mtoto wangu. Nyanya yake amefariki. Ampungie mkono na yeye, kama wengine."

Askari alifungua geti. Hilo sikuwa nimemwagiza. Sein alikuja, si mbio, akampita mama yake kwanza, akaenda kwenye kiti kitupu, akainamisha kichwa mbele yake. Hakuna mkono ulioshuka. Alikaa hivyo mpaka akatosheka, akasema maneno kwa Kimaasai ambayo sitayaandika, ndipo akageuka, mama yake akamshika.

Kisha nikachukua mtungi wa maji wa kibanda, nikamwagia kila mtu mikononi, mmoja mmoja, nisiruke yeyote. Nilianza na Mzee Barasa kwa sababu ndiye aliyekuwa analia kuliko wote.

"Kung'uta," nikamwambia. "Sema wewe ni nani."

Akakung'uta. "Mimi ni Barasa," akasema. "Askari wa hapa. Na siku ile nilijua huyu mama hajakosea shule."